Kutoka Ngumbaru Hadi MBA: Kirongwe na Historia ya Kusoma Huku Unafanya Kazi

Nimekuwa kimya kidogo. Kazi za chumba cha habari zilinibana, kisha nikapata siku chache za mapumziko nikavuka bahari kwenda Mafia. Wengi wakisikia Mafia wanafikiria potwe, yule papa mkubwa asiye na madhara ambaye wazungu wanatoka mbali kuja kuogelea naye. Mimi sikwenda kwa ajili ya potwe. Nilikwenda Kirongwe, kaskazini mwa Kilindoni, kumsalimia dada mmoja niliyesoma naye sekondari. Yeye ni mhasibu, kazi yake iko hukohuko kisiwani, na kwao ni Kirongwe.

Huyu dada anasoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Anasoma kwa masafa, akiwa kazini. Mchana yuko ofisini na vitabu vya hesabu, jioni anapika, usiku wenzake wakiwa wamelala yeye yuko barazani na kompyuta, simu imeunganishwa kumpa intaneti, na rundo la makabrasha yenye visa vya makampuni ya Marekani. Nilimkuta katika hali hiyo. Bibi yake alikuwa ameketi pembeni anasuka ukili. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mume wangu, karibu," kwa ule utani wa pwani mnaoujua. Kisha akamgeukia mjukuu wake:

"Mke mwenzangu, hicho chuo gani kisichokwisha? Ulikwenda ukarudi, ukapewa kazi, leo unasoma tena?"

Dada akacheka. "Bibi, hiki ni cha watu walio kazini. Unafanya kazi, na kusoma unasoma."

Bibi akaweka ukili chini. "Kumbe ngumbaru! Si useme. Hata mimi nimesoma ngumbaru, tena mtoto mgongoni."

Tulicheka sana usiku ule. Lakini nilipolala maneno ya bibi hayakunitoka. MBA ni ngumbaru? Mtu analipa mamilioni ya shilingi, anakesha miaka miwili au mitatu, halafu bibi anasema ni ngumbaru! Nikaanza kuchimba historia, kama ilivyo kawaida yangu kitu kikinikereketa. Na nimegundua kwamba bibi hakukosea. Hebu nifuateni taratibu.

Tuanzie na mwaka ambao bibi anauzungumzia. Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alitoa hotuba ya mwaka mpya akautangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa rahisi. Nchi haiwezi kusubiri watoto wakue ndipo ianze kuendelea. Mtoto anayeingia darasa la kwanza leo atachukua miaka mingi kabla hajabadilisha chochote. Mwenye kushika jembe, wavu na mashine leo ni mtu mzima, kwa hiyo huyo ndiye afundishwe sasa hivi, hapohapo alipo. Mwaka mmoja baadaye likaja agizo kali zaidi: wilaya sita zifute kabisa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla mwaka 1971 haujaisha. Wilaya zenyewe zilikuwa Kilimanjaro, Pare, Masasi, Ukerewe, Dar es Salaam na, ndugu msomaji, Mafia.

Ndiyo, Mafia hii. Kisiwa ambacho leo ukimwambia mtu wa Mikocheni kwamba kuna msomi wa MBA anakaa kule anakushangaa, miaka zaidi ya hamsini iliyopita kiliwekwa mstari wa mbele wa vita ya elimu pamoja na Kilimanjaro na Dar es Salaam.

Nilimwomba bibi anisimulie ilikuwaje. Alisema walikuwa wanatoka shamba, wanaoga, wanapika, halafu alasiri wanakwenda kukaa pamoja na ubao mmoja. Mwalimu wao alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba. "Asubuhi akinikuta njiani ananiamkia shikamoo," alisema bibi, "alasiri mimi namwita mwalimu. Ukikosea anakurudia mara ya pili, mara ya tatu, kwa adabu. Maana akikufokea, kesho mamake atasikia."

Hapa kuna jambo moja ambalo msomaji wa mjini lazima alijue. Watu wa Mafia hawakuwa watu wasiojua kitabu. Pwani yetu ina desturi ndefu ya chuo, na chuo kwa Mmafia maana yake ya kwanza ni pale mtoto anapokwenda kusoma Kurani. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya herufi hizi ninazotumia mimi. Kwa hiyo kulikuwa na wazee waliohesabiwa kwamba hawajui kusoma kumbe wanasoma, isipokuwa si herufi za serikali. Kwa mtu wa namna hiyo, kukaa chini na kuanza upya a, e, i, o, u si jambo dogo. Ni kukubali kuwa mwanafunzi tena wakati mtaani wewe ni mtu mzima unayeheshimiwa. Meneja wa miaka arobaini na mbili anayekaa darasani jioni na vijana wa miaka ishirini na sita anajua hisia hiyo.

Kampeni ile ilisambazwa nchi nzima kwa lengo la mwaka 1975. Mwaka 1967 karibu watu wazima saba kati ya kumi hawakujua kusoma wala kuandika. Ulipofanyika mtihani wa kitaifa wa mwaka 1975, wasiojua walikuwa wameshuka hadi asilimia 39. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilisema ni karibu asilimia 10 tu. Dunia ilishangaa.

Siri ilikuwa nini? Mimi naona zilikuwa mbili. Ya kwanza, darasa lilimfuata mfanyakazi, si mfanyakazi kulifuata darasa. Mahali palipokuwa na kivuli na watu, palikuwa na shule. Kwa wale walio mbali kulikuwa na redio. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu takriban milioni mbili wakakaa katika vikundi kusikiliza kipindi, kujadiliana, kisha kwenda kuchimba vyoo. Wenzetu leo wanasema kusoma kwa masafa ni jambo la intaneti. Sisi tulilifanya kwa redio ya mbao. Mwaka huohuo wa 1973 ofisi ya Waziri Mkuu, wakati huo Rashidi Kawawa, ikaagiza mahali pa kazi paandae masomo kwa wafanyakazi. Yaani mwajiri aliambiwa kwamba kumsomesha mtu wake ni sehemu ya kazi.

Siri ya pili: kitabu kilianzia kwenye kazi ya mtu. Kiliitwa kisomo chenye manufaa. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ambako mradi wa majaribio ulianza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kusoma habari za pamba, na mvuvi kwa habari za uvuvi. Hakufundishwa kusoma kwanza ndipo siku moja aje atumie. Alikuwa anatumia huku anasoma.

Wekeni hizo siri mbili kibindoni, tutazirudia.

Sasa tuje kwa wale waliokuwa na shule tayari, makarani na mameneja. Hapo ndipo MBA inapokaribia. Watu wengi wanadhani elimu ya uongozi kwa watu walio kazini ililetwa na soko huria. Si kweli. Chukua Mzumbe. Leo ni chuo kikuu na kinatoa MBA. Lakini kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, wakati wa Mwingereza, kuwafundisha machifu na watumishi wa serikali za wenyeji. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watu wenye kazi zao na madaraka yao, walitoka barazani wakaenda darasani na kurudi barazani. Mwaka 1972 kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, maarufu kama IDM, na mwaka 2001 kikapanda kuwa Chuo Kikuu Mzumbe.

Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilianza mwaka 1965. Halafu likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Benki zikataifishwa, zikaunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara chini ya Amon Nsekela. Makampuni ya mkonge, bima, viwanda na maduka ya jumla yakawa mali ya umma. Jiulize, nani angeyaendesha? Wazungu na Wahindi waliokuwa wanayasimamia wengi waliondoka. Nchi ilikuwa na mashirika na haikuwa na mameneja. Ndiyo maana mwaka 1972 kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, na mwaka 1974 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanzisha chuo cha mameneja Arusha. Jumuiya ilikufa mwaka 1977 lakini chuo hakikufa. Mwaka 1980 kikawa ESAMI, kikitumikia nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na baadaye nacho kikaanza kutoa MBA kwa kushirikiana na shule ya Maastricht ya Uholanzi.

Na sasa sikilizeni hii, maana mimi iliniacha mdomo wazi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikapitisha Azimio la Musoma. Pamoja na mambo ya elimu ya msingi kwa wote, iliamuliwa kwamba mtu hataingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Kwanza aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka miwili, kisha apate barua kutoka kwa mwajiri na kutoka tawi la chama kwamba ni mtu anayefaa. Baadaye utaratibu huo ulilegezwa, ukianzia na wasichana, kisha ukaachwa. Wasomi wengi waliulaani, na kweli ulikuwa na matatizo yake. Vijana wengi waliingia kazini hawakurudi tena masomoni, na hiyo barua ya chama ilimpa mtu mmoja uwezo wa kukata ndoto ya mwingine.

Lakini hebu soma masharti ya kujiunga na MBA ya chuo chochote kinachojiheshimu. Uwe na shahada ya kwanza. Uwe na uzoefu wa kazi wa miaka kadhaa. Uwe na barua za watu wanaokufahamu, mmojawapo mwajiri wako. Ukiondoa tawi la chama, umebaki na Azimio la Musoma!

Huko nje nako safari ilikuwa hivyohivyo. Shule ya kwanza ya uzamili ya biashara duniani, Tuck, ilianzishwa mwaka 1900 katika chuo cha Dartmouth, Marekani. Harvard ikaanza kutoa shahada inayoitwa MBA mwaka 1908. Wakati huo walisoma vijana wa muda wote. Mwaka 1943, katikati ya vita kuu ya pili, Chuo Kikuu cha Chicago kikaanzisha MBA ya watendaji walioko kazini. Waingereza walikuwa wametangulia kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilimruhusu mtu asome alipo na kufanya mtihani wao bila kukanyaga London. Ndio mlango aliopitia Nelson Mandela kusoma sheria akiwa kifungoni.

Kwetu, Kitivo cha Biashara na Uongozi kilianzishwa pale Mlimani mwaka 1979, na mwaka 2008 kikawa Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini kilichoifanya MBA iwe gumzo mjini ni miaka ya 1990. Sheria ya mabenki ya mwaka 1991 iliruhusu benki binafsi. Mashirika ya umma yakaanza kuuzwa. Mwaka 1997 ile NBC ya Nsekela ikagawanywa, ikatoka NMB na NBC mpya. Watu waliokuwa wamekaa kwenye viti miaka ishirini kwa stashahada zao za juu wakakuta mwenye benki mpya anauliza shahada, tena ya pili. Mkubwa mmoja aliyenifundisha kazi alizoea kusema kwamba miaka ile foleni ya magari saa kumi na moja jioni ilikuwa na watu wa aina mbili, wanaokwenda nyumbani na wanaokwenda darasani. Vyuo vikasikia harufu ya pesa na mahitaji, vikafungua madarasa ya jioni katikati ya jiji. Nairobi nako ilikuwa hivyohivyo kwa ile mikondo ya wanaojilipia iliyoanza mwaka 1998.

Sasa tukirudi Kirongwe mtaona tatizo liko wapi. Darasa la jioni ni dawa kwa mtu wa Dar es Salaam. Anatoka ofisini Posta, anapanda daladala au gari lake, saa moja baadaye yuko darasani. Mtu wa Kirongwe hana jioni ya namna hiyo. Kati yake na darasa kuna barabara mpaka Kilindoni, kuna bahari mpaka Nyamisati, halafu kuna Kibiti, Mkuranga na Mbagala. Ile siri ya kwanza ya mwaka 1971 iligeuzwa chini juu. Darasa halimfuati tena mfanyakazi. Mfanyakazi ndiye analifuata darasa, tena kwa nauli yake.

Aliyejaribu kuigeuza tena ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1992, kikaanza kazi mwaka 1993 na kuzinduliwa rasmi Januari 1994, makamu mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Wazo lake ni lilelile la Mwalimu la mwaka 1970: mwalimu wa Sumbawanga, askari wa Songea, muuguzi wa Mafia asome bila kuacha kazi, kituo kiwe katika kila mkoa. Ni moja ya vitu vizuri ambavyo nchi hii imevifanya na havisemwi vya kutosha. Leo MBA ni miongoni mwa masomo unayoweza kusoma hapo. Hata hivyo jiografia haina huruma. Mafia iko Mkoa wa Pwani, na makao ya mkoa ni Kibaha. Kwa hiyo mtu wa Mafia anayetaka kufika makao ya mkoa wake mwenyewe lazima avuke bahari, apite mkoa wa watu, ndipo afike "kwao".

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na polepole intaneti ikafika mpaka kwenye simu ya huyu dada yangu. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukavilazimisha vyuo vingi duniani kufundisha kwa njia hiyo vipende visipende. Leo makabrasha anayapata kisiwani. Mhadhara anausikiliza kisiwani. Kilichobaki ni mitihani.

Na mtihani ndio uliomuumiza. Chuo chake sitakitaja, wala si kosa lao peke yao. Mwaka jana, msimu wa kusi, alikuwa na mtihani wa somo moja ng'ambo. Alijipanga, akaomba ruhusa kazini, akafunga begi, akashuka Kilindoni. Bahari ikachafuka. Chombo hakikuondoka siku ile, wala kesho yake. Kiti cha ndege ndogo kilikuwa hakipatikani, na kingepatikana asingekuwa na pesa yake. Akakaa Kilindoni na begi lake mpaka saa ya mtihani ikapita. Somo lile akaambiwa asubiri mzunguko ujao. Nusu mwaka umekwenda kwa sababu ya upepo.

"Nilirudi Kirongwe nalia," aliniambia. "Nilikuwa nimeshaandika barua ya kujitoa. Bibi ndiye alinikataza."

Bibi alimwambia nini? Alimwambia habari ya shoga yake mmoja aliyesoma naye ngumbaru. Yule mama aliugua wakati wa mtihani, hakupata cheti. Mwaka uliofuata akaenda tena, akakaa na wanafunzi wapya, akaanza na wao. Watu walimcheka. Baadaye ndiye aliyekuwa akiwasomea barua wenzake wote, kwa sababu alisoma mara mbili. Dada akaichana ile barua.

Sasa, nisije nikawapakia sukari. Historia ya ngumbaru ina upande wake mchungu na tukiuficha hatutajifunza. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, uchumi uliporomoka. Karatasi zikawa adimu. Posho za walimu wa kujitolea zikachelewa, mwisho zikakatika. Miaka ya 1970 Kanda ya Ziwa ilikuwa na gazeti la vijijini lenye jina zuri kabisa, Elimu Haina Mwisho, ili watu waliojua kusoma wapate cha kusoma. Mambo ya namna hiyo yalipofifia, watu walianza kusahau. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta karibu theluthi moja ya watu wazima hawajui kusoma wala kuandika. Tumetoka asilimia 10 ya mwaka 1986 tukarudi huko! Sehemu ni kwa sababu watoto wengi walikosa shule miaka ile ya dhiki, na sehemu ni kwa sababu mtu aliyepewa cheti akakosa cha kusoma alirudi pale alipokuwa. Kusoma ni kama panga. Lisipotumika linashika kutu.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuhusu MBA zetu. Tuna watu wangapi mjini wenye MBA iliyoshika kutu? Mtu alisoma ili apandishwe cheo, akapandishwa, mwisho wa habari. Anaweza kukueleza jinsi kampuni ya magari ya Marekani ilivyopanga bei, lakini mwulize nazi ya Mafia inauzwaje, hajui. Mafia ina minazi tangu enzi za mashamba makubwa ya Waarabu. Ina pweza na samaki. Ina hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, ya kwanza nchini. Jirani, Jibondo, kuna mafundi wanaojenga majahazi bila kuchora kwenye karatasi. Kisiwa kizima ni biashara. Lakini visa vinavyofundishwa darasani vinatoka kwingine kabisa. Siri ya pili ya mwaka 1971, ile ya kuanzia kwenye kazi ya mtu, nayo tumeisahau.

Usinielewe vibaya. Sisemi tusisome habari za Marekani. Hata kusoma kwa kutumia visa ni njia nzuri, Harvard imejijengea jina kwayo. Lakini maana ya kisa ni kumfundisha mtu kuamua pale alipo. Mvuvi wa Ziwa Victoria alipewa kitabu cha uvuvi mwaka 1968. Mbona mhasibu wa Mafia leo hapewi kisa cha mbata?

Dada yangu ameamua kujitungia mwenyewe. Amefika hatua ya tasnifu na amechagua kuandika juu ya nazi: inatoka kwa mkulima wa Kirongwe kwa bei gani, inapita mikono mingapi, inafika sokoni Dar es Salaam kwa bei gani, na nani anabaki na faida. Anataka kujua kwa nini nazi inaondoka nzima halafu watu wananunua mafuta na sabuni kutoka ng'ambo. Mwanzoni alishauriwa achague mada kubwa zaidi, mambo ya benki labda. Akakataa. Ameshaanza kukusanya takwimu. Anazunguka na daftari kwa wakulima, na wa kwanza kuhojiwa alikuwa nani? Bibi. Bibi anakumbuka bei za nazi miaka na miaka, na nyingine ameziandika, kwa penseli, kwenye daftari la zamani. Aliniruhusu kulishika. Mwandiko mkubwa wa duara, herufi zimesimama moja moja kama watu wanaoogopa kugusana. Tarehe, idadi ya nazi, bei, jina la mnunuzi.

Ndugu zangu, daftari lile ni uhasibu. Bibi alisoma ngumbaru, akapata ufunguo, akautumia kwenye kazi yake mwenyewe kwa miaka yote hiyo. Leo daftari lake ni chanzo katika tasnifu ya MBA. Nani hapo ni msomi na nani si msomi?

Kwa hiyo wewe mdau uliyeko kazini, unayepiga hesabu za ada na kuulizana na mwenzako kama muanze mwaka huu au mwakani, mimi sitakuambia usome au usisome. Nitakuambia tu maswali yanayotoka kwenye historia hii. Je, darasa hilo litakufuata ulipo, au utatumia nguvu zako zote njiani? Je, linaanzia kwenye kazi unayoifanya, na kama halianzii hapo, wewe una ujasiri wa kulilazimisha kama dada wa Kirongwe? Na siku ya kwanza baada ya kuvaa joho, utaitumia wapi? Kama huna jibu la swali la tatu, subiri kwanza. Ada ni mamilioni, na mkopo wa serikali wa elimu ya juu umelenga zaidi shahada ya kwanza. Hilo joho utalilipa mwenyewe.

Na wale mlio kwenye vyuo, wekeni vituo vya mitihani ng'ambo ya bahari. Mafia, Ukerewe, kila mahali penye maji katikati. Mwaka 1971 serikali maskini kuliko hii iliweza kupeleka ubao na mtihani mpaka Mafia. Leo tuna intaneti na vivuko, tunashindwaje kupeleka karatasi moja na msimamizi mmoja?

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kumuaga bibi. Akaniuliza kama mimi nami nasoma tena. Nikasema bado nafikiria, kazi ni nyingi. Akanitazama kwa muda.

"Mume wangu," akasema, "mimi nilikuwa na shamba, mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Wewe una nini?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali hilo tangu nivuke kurudi Dar.

Haya wadau, alamsiki.